Nani Alifungue Daftari la Wanachama?



Katika mavuno ya vuli yaliyopita lilitokea jambo ambalo tulilitaja kwa maneno machache tu katika mkutano mkuu, na tangu siku ile barua zimekuwa zikija kutaka lielezwe lote. Basi na tulieleze.

Bibi mmoja, mwanachama wetu wa miaka mingi, alipigiwa simu na mtu asiyemjua. Mtu huyo alimwita kwa jina lake na la baba yake, akamtajia kilo za karafuu kavu alizopima jana yake pamoja na daraja lake. Kisha akamwambia kwamba malipo yake yamekwama, na ili yatoke hana budi kutuma kwanza kiasi kidogo kwa namba atakayopewa. Bibi akatuma. Wako waliomcheka, nasi twasema wasimcheke. Mtu anayezijua kilo zako mpaka nusu kilo, utamdhanije kuwa mwizi?

Tulipochunguza tuliona kosa ni letu sisi wa ofisini. Orodha ya waliopima, yenye majina, namba za simu na kilo, ilikuwa imebandikwa ukutani pale mzanini kwa siku tatu. Nia yake ilikuwa njema, maana zamani malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi, na wanachama wenyewe ndio waliotaka kila mtu aone kilo zake na za mwenzake. Lakini karatasi iliyo ukutani husomwa na kila mpita njia, na siku hizi mpita njia ana simu ya kupigia picha. Bibi ametupa ruhusa kuandika habari hii, kwa sharti tusitaje kijiji chake.

Jambo hili lilitukumbusha safari tuliyotumwa na Halmashauri kabla ya msimu ule, kwenda Bukoba na Muleba kuwatazama wakulima wenzetu wa kahawa. Twakiri kwamba tulikwenda kwa habari za mizani na malipo, tukarudi na habari za madaftari.

Kwa wale wasiofika huko, Mkoa wa Kagera uko ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Victoria, unapakana na Uganda. Mtu wa Pemba hatajiona mgeni sana, kwa maana ni nchi ya mvua na ya kijani, na nyumba zimekaa katikati ya mashamba yake. Mibuni imepandwa chini ya migomba, karibu na mlango, hata mwenye nyumba aweza kuchuma kahawa na huku anamsikia mtoto analia ndani. Chama chao kikuu cha ushirika kilianza mwaka 1950 kwa jina la Bukoba Native Co-operative Union. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika Tanzania Bara. Baadaye vikarudishwa, na chama chao sasa chaitwa Kagera Co-operative Union. Habari za mizani yao tutaziandika katika toleo jingine.

Jambo lililotushika ni hili. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walionekana Kagera. Wakati ule ugonjwa haukuwa na jina la Kiswahili. Wenyeji waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyopendwa sana ambayo wafanya magendo waliivusha mpakani kutoka Uganda. Mwaka 1987 wataalamu wa Muhimbili, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, walipima damu za watu wazima katika mkoa ule. Mjini Bukoba waliona katika kila watu 100, watu 24 wanavyo virusi. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba, watu 10 katika 100. Hapakuwa na dawa. Kutajwa tu kwamba nyumba fulani ina mgonjwa wa namna hiyo kulitosha kufunga posa, kuondoa wapangaji na kumkosesha mjane wateja wa ndizi zake.

Basi katika hali hiyo, mwaka 1991, wakaja watu wenye kalamu. Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitaka kujua kifo cha mtu mzima huifanyaje nyumba aliyoiacha: shamba nani alima, watoto nani asomesha, ng'ombe nani auza. Katika vijiji na mitaa 51 ya mkoa mzima walipita mlango kwa mlango wakiuliza kama katika miezi 12 iliyopita kuna mtu mzima aliyefariki au aliye mgonjwa asiyeweza kufanya kazi. Kisha wakachagua nyumba za kurudia. Nao hawakuchagua kwa kura tupu. Katika kila nyumba 16 za mahali pamoja, nyumba 14 zilitoka katika zile zilizopata ugonjwa au kifo, na 2 tu katika zile zilizosalimika. Nyumba zaidi ya 900 zilihojiwa, nyingi zake mara nne, mpaka mwanzo wa mwaka 1994.

Msomaji na atulie kidogo hapa, maana sisi tulipita juu ya jambo hili mara ya kwanza bila kuliona. Orodha ile haikuwa na haja ya kuandika ugonjwa wa mtu. Haikumpima mtu damu. Lakini kama jirani angejua namna nyumba zilivyochaguliwa, kisha akaona jina lako katika orodha, tayari amejua jambo ambalo hukumwambia. Siri haikuwa katika safu ya tatu wala ya nne. Siri ilikuwa ni kuwamo.

Nasi tunazo orodha za namna hiyo. Orodha ya waliokuja kuomba mkopo kabla ya mavuno haina haja ya kuandika kiasi. Kila Mpemba ajua kwamba anayeomba mwezi ule amekwisha kukodisha mikarafuu yake, karafuu zingali juu ya mti, kwa mtu mwenye fedha mkononi, na bei aliyopewa ni ya kulia. Mwaka juzi karani wetu aliita majina ya waombaji barazani kwa sauti kubwa, ili waje kutia sahihi. Alidhani anafanya kazi yake. Wawili kati yao hawakuja, na mpaka leo hawajaja tena ofisini kwetu kwa jambo lo lote.

Turudi Kagera. Mtu aweza kusema, kama majina yana hatari kiasi hicho, kwa nini yasichomwe moto mara kazi inapokwisha? Wale wenye kalamu hawakuyachoma, na faida yake ilionekana baadaye. Mwaka 2004 walikwenda tena kuwatafuta watu wale wale, miaka kumi na zaidi imepita. Watoto walikuwa wamekuwa watu wazima, wajane wameolewa, vijana wamehamia Mwanza, Dar es Salaam, wengine Uganda. Walitafutwa kwa majina yao na kwa kuwauliza ndugu na majirani, wakafuatwa huko huko waliko. Katika kila nyumba 100 za zamani, nyumba 93 alipatikana angalau mtu mmoja. Na kwa kuwa nyumba moja ilikuwa imezaa nyumba kadha, walihoji nyumba zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 wakafanya hivyo tena. Ndipo ilipojulikana, mathalan, kwamba waliohama walipanda katika hali ya maisha kuliko ndugu zao waliobaki kijijini. Habari hiyo isingepatikana kama majina yangechomwa mwaka 1994.

Lakini hati zilizotolewa kwa wasomi wa dunia hazina majina. Mtu ni namba ya nyumba na namba yake ndani ya nyumba. Mwanafunzi wa Ulaya au Marekani aweza kuhesabu mashamba na watoto na misiba ya namba hiyo mpaka achoke, wala asijue ni nani. Jina lawekwa mbali na namba, na wenye kuruhusiwa kuviunganisha vitu hivyo viwili ni wachache.

Je, hiyo yatosha? Hapana, na Kagera kwenyewe pana mfano wa kuonyesha kwa nini. Katika wilaya ya Bukoba Vijijini kuna kijiji kiitwacho Nyakatoke. Mwaka 2000 watu wazima wote wa nyumba zake 119 waliulizwa mambo mengi, na moja lilikuwa hili: ni nani unayeweza kumtegemea wakati wa shida, au anayekutegemea wewe, kwa fedha, kwa vitu au kwa nguvu za mikono? Hesabu zake zimesomwa na wachumi wa nchi nyingi, na jina la kijiji limeandikwa wazi katika vitabu vyao. Watu ni namba tu. Lakini fikirini kijiji cha nyumba 119. Ukimwambia mtu wa pale kwamba namba fulani ni mjane, Mwislamu, mwenye watoto sita na ng'ombe mmoja, huna haja ya kumtajia jina, atakuonyesha mlango. Kwa mtu wa mbali namba ni kificho kizuri. Kwa jirani ni pazia jepesi.

Na katika hesabu za Nyakatoke lilionekana jambo la kusikitisha kidogo. Mara nyingi mtu alimtaja mwenziwe kuwa ndiye tegemeo lake, lakini yule mwenziwe alipoulizwa hakumtaja. Labda alimsahau, labda ana marafiki wengi. Je, kama karatasi zile zingesomwa kwa majina mbele ya kijiji? Mtu angejua mbele za watu kwamba yule anayemwita ndugu hamhesabu. Hapana fedha iliyoibiwa hapo, wala ugonjwa uliotangazwa, na hata hivyo kijiji kisingekaa kama kilivyokuwa.

Tulipokuwa Bukoba na Muleba hatukumwuliza mtu ye yote kama nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile zilizohojiwa. Tulitamani sana, maana kalamu ina uchu, lakini baada ya kujua namna zilivyochaguliwa tungewezaje kuuliza?

Sasa tuwageukie wale wanachama waliosema mkutanoni kwamba dawa ni kutoandika kabisa. Twawaomba wakumbuke meli ya MV Bukoba. Ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba, na mamia ya watu wakafa. Orodha ya abiria ilikuwapo kwa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, walikopanda maskini, hawakuandikwa. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza, na wako waliozikwa bila ya mtu kujua ni nani. Nasi wa visiwani tulionja uchungu huo huo Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander ikija Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya kuchukua abiria 645, ikapakia wengi zaidi sana ya hao, na jamaa wakabaki kuthibitisha kwa vinywa vyao kwamba ndugu yao alipanda. Asiyeandikwa ana sitara hai, lakini akifa hana haki ya kutafutwa. Chuoni tulipokuwa wadogo mwalimu alitufundisha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile inayoamuru deni liandikwe. Na ndani ya aya hiyo hiyo mwandishi na shahidi wamewekewa kinga wasidhuriwe. Kuandika basi si jambo la kukimbia.

Kuna pia sheria. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kazi Mei 2023, na Tume yake ipo. Kwa maneno machache, anayeandika habari za mtu lazima awe na sababu inayojulikana, asizitumie kwa jambo jingine, asizikae nazo kuliko haja, na mwenyewe akitaka kuziona au kusahihishwa ana haki. Tulipoisoma tuliona haya kidogo, kwa kuwa sisi tulikuwa tunasubiri simu ya mwizi ili tutambue.

Halmashauri imekaa mara tatu juu ya jambo hili. Tangu mavuno yajayo hapatabandikwa majina mzanini. Kila mwanachama atapewa kipande chenye namba, na karatasi ya ukutani itakuwa na namba na kilo tu, bila simu. Bwana mmoja wa Halmashauri alisema, kwa haki, kwamba vijijini watu watazijua namba za wenzao katika wiki moja. Ni kweli, na ndiyo habari ya Nyakatoke. Lakini mwizi wa simu yuko mbali, na kwa mtu wa mbali namba yatosha. Ili jirani naye asizoee, namba zitabadilishwa kila msimu. Daftari linalounganisha namba na jina litakaa katika kabati la chuma, funguo mbili, moja kwa katibu na moja kwa mshika fedha, na kila atakayelifungua ataandika jina lake, siku na sababu. Hata sisi. Mnunuzi au benki au mwanasiasa atakayetaka orodha ya wanachama atajibiwa kwamba ataje anachotaka kuwaambia, nasi tutakipeleka, orodha haitoki. Na waombaji wa mkopo hawataitwa tena barazani.

Lililotutesa zaidi ni makabati ya barua. Tangu jarida hili lianze tumehifadhi barua za wanachama, zilizochapwa na zisizochapwa. Mna mambo ya thamani humo: mvua za miaka iliyopita, mikarafuu iliyokufa ghafla na dawa walizojaribu, ugomvi wa bei, mashairi mabaya na machache mazuri. Mna pia urithi uliogombaniwa, na waume walioshtakiwa na wake zao kwa katibu kana kwamba katibu ni kadhi. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu ametuomba azisome zote kwa ajili ya kitabu chake. Kijana mwenye adabu, na kazi yake ni ya faida. Aliyeandika barua ile, hata hivyo, alimwandikia katibu, hakukiandikia kitabu. Tumekubaliana kwamba barua zilizochapwa atazisoma kama mtu mwingine ye yote. Zisizochapwa hatazisoma mpaka mwenyewe, au warithi wake, waseme ndiyo. Na zile za mvua na magonjwa ya miti tutamnakilia sisi wenyewe bila majina, kazi ambayo itatuchukua jioni nyingi.

Likabaki moja ambalo hatukulimaliza vizuri. Mwanachama mmoja (tumebadili mambo mawili matatu ili asijulikane, naye ameyasoma maneno haya kabla hayajachapwa) aliandika zamani sana barua ya kuomba msaada, akaeleza kwamba amekodisha shamba lote la baba yake ili alipe deni, na barua ikachapwa kwa jina lake, kwa ridhaa yake. Leo ni mtu mwenye heshima zake na wakwe. Alikuja akataka ukurasa ule uchanwe katika jarida tunalohifadhi. Tulimweleza kwamba nakala zilikwisha kwenda kwa wanachama wote wa siku zile, ziko masandukuni na nyingine zimefungiwa karanga sokoni, wala hatuna mkono wa kuzirudisha. Akajibu, "Najua. Lakini hilo la kwenu ndilo linaloazimwa."

Halmashauri iligawanyika. Wengine walisema uchanwe, jina ni la mwenyewe. Wengine wakasema jarida lililochanwa si ushahidi tena, na kesho atakuja mwingine kutaka ichanwe hesabu ya fedha. Mwishoni jina limefunikwa kwa karatasi ya gundi, ukurasa umebaki, na katika faharasa hakutajwa. Sisi tulipiga kura upande huo. Yeye hakuridhika, na tulipomsindikiza mlangoni hakutupa mkono kama alivyozoea. Hatuna hakika kwamba tulifanya sawa, na kama mwanachama ana njia iliyo bora na atuandikie, barua ambayo haitachapwa kwa jina asipotaka; aandike tu juu ya bahasha neno "Siri".

Vipande vya namba vitagawiwa mzanini siku ya kwanza ya kupokea karafuu. Kila mtu aje mwenyewe, asimtume mtoto. Asiyeona vizuri karani atamsomea namba yake, na ameagizwa amsomee sikioni.